Jinsi ya kuandika majina ya raia waliouawa kijijini kwenu vita vya Kagera, kabla wazee hawajaisha

Wanajeshi wetu wa Tanzania waliokufa kwenye vita ya Idi Amin wa Uganda wana makaburi yao pale Kaboya, Muleba, yanatunzwa, na kila tarehe 25 Julai nchi nzima inawakumbuka mashujaa. Wanastahili kabisa. Ila sasa vuka mto Kagera, nenda Missenyi kwenye vile vijiji ambavyo majeshi ya Amin yaliviteka mwisho wa Oktoba 1978, uliza raia waliouawa pale wamelala wapi na walikuwa wanaitwa nani. Utapelekwa kwenye migomba. Utaambiwa hapa yupo mmoja, pale nyuma ya choo cha zamani wapo wawili, yule mwingine hatukumpata, na yote hayo yako kichwani kwa mama wa miaka themanini anayeumwa magoti, hayajaandikwa popote.

Mi nimeifanya hii kazi kwa kijiji cha upande wa mama yangu, imenichukua karibu miaka miwili ya kwenda na kurudi kila nikipata likizo, nimekosea mengi, kwa hiyo naandika hapa vile naona inafaa ifanywe ili wewe usianzie kwenye makosa yangu. Na usisubiri mpaka upate hela au kamera nzuri. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule alizaliwa 1958, piga hesabu mwenyewe saivi ana mingapi, na wale waliokuwa tayari watu wazima wenye nyumba na watoto ndo wanaondoka kila mwezi.

Kabla hujaenda kwa mzee yeyote jua kwanza mambo yalivyofuatana, maana ukienda mtupu hutajua uulize nini. Wimbi kubwa la askari wa Uganda liliingia tarehe 30 Oktoba 1978, upande wetu mpakani walikuwepo askari wachache tu, na ndani ya siku chache eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, kama kilomita za mraba 1,800, likawa mikononi mwao. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza eneo ni la kwake na kwamba mpaka wa nchi sasa ni huo mto. Tarehe 2 Mwalimu Nyerere akahutubia, ile hotuba ya uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, kila mwenye redio aliisikia. Tarehe 3 daraja la Kyaka, la kuvukia mto Kagera, likavunjwa. Zikafuata wiki za watu kuuawa, wanawake kubakwa, wengine kuchukuliwa kupelekwa Uganda, ng'ombe kuswagwa kwa maelfu, kiwanda cha sukari cha Kagera kuporwa, na makumi elfu ya watu kukimbilia kusini. Jeshi letu lilianza kuvuka kurudi mwezi huo huo wa Novemba na kufikia mwanzoni mwa Januari 1979 hakukuwa na askari wa Amin tena kwenye ardhi yetu. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Jambo lingine dogo ila litakusumbua: mkoa ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi, jina la Kagera limekuja baada ya vita, na wilaya ya Missenyi haikuwepo, kwa hiyo ukipekua Uhuru na Mzalendo za miaka ile au karatasi za parokia tafuta Ziwa Magharibi na Bukoba.

Idadi inayotajwa sana ya raia waliouawa eneo lile lote ni kama 1,500. Hayo ni makadirio, ya eneo zima. Usiende kijijini ukiwa unatafuta kufikisha namba fulani, we andika unachokikuta.

Ukifika anzia ofisi ya kijiji, mtendaji na mwenyekiti wajue uko pale unafanya nini, waandikie barua fupi yenye namba yako ya simu, hata kama we ni mtoto wa pale na kila mtu anamjua babu yako. Nilidharau hii hatua safari ya kwanza, siku ya pili ikaenea habari kwamba kuna kijana anaandikisha watu wa kulipwa fidia ya vita, nikakuta foleni nje ya nyumba ya mjomba. Ilinichukua siku nzima kuwaeleza watu wazima kwamba hamna hela, na wengine waliondoka na uchungu ambao ni halali kabisa, maana walipoteza ng'ombe, mabati, vitanda, wakarudi kwenye nyumba zilizochomwa. Kwa hiyo neno la kwanza mdomoni mwako liwe hilo: hakuna malipo, tunaandika majina ya ndugu zetu.

Sasa njia yenyewe. Usiulize "nani aliuawa?" Ukiuliza hivyo utapata majina matano yale yale ambayo kijiji kizima kinayakumbuka, yaani mwalimu, katekista, mzee aliyekataa kukimbia, na kidogo zaidi. Uliza "nani alikuwa anaishi hapa?" Nyumba kwa nyumba. Mwaka 1978 kila nyumba kumi zilikuwa na balozi wake, yaani kiongozi wa nyumba zile, na wazee wengi mpaka leo wanakumbuka walikuwa chini ya balozi gani, basi hiyo ndo ramani yako. Chukua manila kadi, chora barabara, mto mdogo, kanisa au msikiti, shule, halafu anza nyumba ya balozi uende kulia. Hapa alikaa nani? Mke wake? Watoto wangapi, majina? Mama mkwe je? Kuna kibarua aliyelala hapo? Vita ilipofika nani aliondoka, kwa njia ipi, nani alibaki? Nani alirudi? Ukimaliza nyumba ile, ambaye hakurudi atakuwa amejitokeza mwenyewe bila mtu kulazimishwa kutamka kifo. Mzee mmoja aliinama akaanza kuchora na kijiti chini kwenye udongo badala ya manila yangu, akaweka jani la mgomba kwa kila nyumba, alipofika nyumba ya saba akashika jani mkononi muda mrefu hakuliweka, akasema hawa watoto nilikuwa nimewasahau. Walikuwa wawili. Hawakuwepo kwenye orodha ya mtu yeyote niliyeongea naye kabla yake.

Hapo kwenye kibarua pakazie sana. Missenyi ya wakati ule ilikuwa na watu wengi wasio wa ukoo wowote wa pale, vibarua kutoka Burundi na Rwanda kwenye kahawa na migomba, wachungaji wa ng'ombe, wafanyakazi wa kiwanda cha sukari kutoka mikoa mingine. Hao ndo wanaopotea kwanza, maana hawana ndugu wa kuwataja. Kama kinachokumbukwa ni jina moja tu la utani na kwamba alikuwa anapika kwa mzee fulani, andika hivyo hivyo, ni mtu.

Kukaa na mzee kunataka muda. Shikamoo kwanza, habari za miguu, habari za mvua, na kule kwetu mzee wa kiume unamtanguliza na Ta na mama mtu mzima unamtanguliza na Ma kabla ya jina, usimwite "mzee" tu kama dereva wa bodaboda anayetafuta abiria. Akikupa kahawa ya kutafuna pokea, tafuna. Muulize anataka kuongea lugha gani, na hapa naomba unisikilize vizuri, mwache aongee Kihaya hata kama Kiswahili anakijua, maana watu hulia kwa lugha waliyozaliwa nayo na majina ya mahali, ya miti, ya ndugu, yanakuja yenyewe. Kama we Kihaya chako ni cha kuombea chumvi, nenda na binamu aliyekulia pale.

Rekodi kwa simu ila mwombe ruhusa kwa sauti na ruhusa yenyewe iingie kwenye rekodi. Zima data, weka simu isipigike, iweke karibu naye juu ya kitambaa sio juu ya meza tupu, na usianze kama wingu limefunga kwa sababu mvua ikipiga kwenye bati hutasikia hata neno moja ukirudi nyumbani, nimepoteza saa mbili nzima za bibi mmoja kwa njia hiyo na alifariki kabla sijarudi. Hata ukirekodi andika pia kwenye kaunta buku, kwa kalamu ya wino, ukurasa mmoja mtu mmoja. Wajukuu wasikae pale wakimsahihisha, watume kisimani kwa heshima. Saa moja na nusu inatosha kwa siku, akichoka ondoka, na usiondoke pale alipofika kwenye kifo, mrudishe kwanza kwenye kitu kingine, walivyojenga tena, mtoto aliyezaliwa baada ya kurudi, ndo umuage. Kesho yake pita umsalimie hata kama hutaki kitu, maana usiku ule huenda hakulala.

Bibi yangu mwenyewe alinisimulia kifo cha kaka yake mara nne na kila mara alianzia kwenye sweta. Waliporudi mwezi wa kwanza walikuta mtu kwenye migomba ya jirani, amebaki mifupa na nguo, na sweta lilikuwa na kiraka kwenye kiwiko ambacho bibi alikishona yeye kwa uzi mwekundu kwa sababu wa kijivu uliisha. Hivyo ndivyo alivyomjua. Alinionyesha ukubwa wa kile kiraka kwa vidole viwili, kila mara ukubwa ule ule. Mambo kama hayo yaandike yalivyo, na usimkatishe kumuuliza tarehe.

Tarehe utaitafuta baadaye na kuna njia. Wazee wengi hawatakwambia tarehe tano au kumi, watakwambia ilikuwa wakati wa senene, wale panzi wa kuliwa, ambayo ni kweli, Novemba ni msimu wake. Swali langu la kwanza siku zote ni hili: ulivuka mto kwa daraja au kwa mtumbwi? Aliyepita juu ya daraja la Kyaka alivuka kabla ya tarehe 3 Novemba, aliyevushwa kwa mtumbwi huenda ni baada ya hapo. Swali la pili, hotuba ya Mwalimu uliisikilizia wapi, nyumbani au ukiwa umeshakimbia? Hiyo ni Alhamisi tarehe 2. Wakatoliki waulize kuhusu siku ya Watakatifu Wote, mwaka ule iliangukia Jumatano, na wengine wanakumbuka Papa mpya, Yohane Paulo wa Pili, alikuwa amechaguliwa wiki mbili tu nyuma yake, tarehe 16 Oktoba. Waislamu waulize Idi ya kuchinja waliisalia wapi, ilikuwa kama tarehe 10 au 11 Novemba. Na mwezi, usisahau mwezi wa angani. Uliandama karibu na mwanzo wa Novemba, kwa hiyo siku zile za kwanza za kukimbia usiku zilikuwa za giza totoro, mtu akikwambia walitembea kwenye mbalamwezi nyeupe mpaka wanaonana nyuso basi ujue hiyo ni safari ya katikati ya Novemba, labda walijificha kwanza porini ndo wakatoka. Sikukuu ya Noeli nayo inasaidia sana, kila mtu anakumbuka Noeli ile aliila kwa nani.

Majina yatakuchanganya kuliko tarehe. Mtu mmoja ana jina la ubatizo, ana la Kihaya, ana la utani, afu kuna wanaomjua kama mama fulani au mwana wa fulani. Mi nilikuwa na majina 31 nikafurahi kama mjinga, nilipoyakalisha na wazee watatu kwa pamoja yakabaki 24, wengine walikuwa mtu mmoja mara mbili na mmoja wao alikuwa mara tatu. Kwa hiyo kila ukurasa juu andika majina yote aliyoitwa, jina la baba, la mama, balozi wake, umri hata wa kukadiria kwa kulinganisha na mtu aliye hai ("alikuwa rika la Ma fulani"), alionekana mara ya mwisho wapi, nani alimwona kwa macho, nani alisikia tu. Hiyo ya kuona na kusikia itenganishe kabisa. Jina lenye watu wawili wasiokaa nyumba moja waliokwambia kitu kimoja liwekee alama moja, la mtu mmoja alama nyingine, na usilifute la mtu mmoja, liache lisubiri. Parokia kama ina daftari la ubatizo la miaka ile omba kwa paroko akuangalizie, hapo utapata majina kamili ya watoto, ambao bila hivyo watabaki "kichanga cha mke wa fulani". Wanawake nao usikubali wabaki "mke wa". Mtu aliuawa akiwa na jina lake.

Na fungua kurasa za waliokufa bila risasi. Waliozama wakivuka, mzee aliyeachwa ndani kwa sababu hakubebeka, mtoto aliyekufa kwa kuhara huko walikokimbilia, mjamzito aliyejifungulia kwenye majani. Mwanzoni sikuwaandika nikidhani sio wa vita, mama mmoja akaniuliza sasa mwanangu aliuawa na nini? Sikuwa na jibu na nikarudi kwenye nyumba zote nilizopita. Weka pia ukurasa wa waliochukuliwa na hawajarudi mpaka leo, hao usiwaandike wamekufa, andika walichukuliwa.

Kuhusu kubakwa, usiulize. Kama wewe ni mwanaume usiwepo kabisa, na kama ni mwanamke subiri aanze yeye, akianza zima simu mpaka akwambie iwashwe. Jina lake haliingii kwenye orodha yoyote ya kusomwa, hata kama kijiji kizima kinajua, hata kama ameshafariki na watoto wapo. Kuna mama aliniambia kupitia shangazi yangu kwamba anataka iandikwe kuwa yalitokea pale kijijini, ila bila yeye, na imeandikwa hivyo kwa sentensi mbili.

Utasikia pia nani alionyesha askari nyumba zenye ng'ombe, nani alirudi na cherehani ya jirani. Familia hizo zinaishi bado, mashamba yanapakana. Mi hayo naweka daftari lingine ambalo halitembei, na kwenye orodha ya majina hayamo, kwa sababu tuhuma ya mtu mmoja ya zaidi ya miaka arobaini ukiibandika kwenye grupu la WhatsApp la ukoo unaweza kuwasha moto ambao huwezi kuuzima, na sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2022 nayo ipo. Kila aliyekusimulia muulize kama jina lake litajwe kama msimuliaji au lifichwe, afu uheshimu jibu.

Kuna jambo moja watu hawapendi kuliongea na nadhani linabidi. Januari 1979 jeshi letu lilipoiteka Mutukula ya upande wa Uganda, mji ule ulibomolewa kulipiza kisasi na raia waliuawa pale, mpaka Mwalimu ikabidi aamuru raia na mali zao wasiguswe huko mbele. Utakutana na mzee aliyekuwa mgambo, atakwambia, labda siku ya tatu, labda akiwa amenywa rubisi kidogo. Andika. Waliouawa upande ule walikuwa wakulima wa migomba kama sisi, wengine ni ndugu zetu wa kuoleana, mpaka umepita katikati tu. Mi nina kurasa nne za mambo hayo na nimeziweka kwenye daftari lile lile la majina, sikuzitenga, na mjomba wangu alinuna ila mwishowe alikubali.

Ukishapata rasimu, piga fotokopi tatu. Moja ofisi ya kijiji, moja parokiani au msikitini kutegemea na watu wa pale, moja kwa ndugu anayekaa mbali, Mwanza au Dar. Sauti zote ziweke kwenye flashi mbili na kwenye barua pepe yako, jina la faili liwe na tarehe na kitongoji, maana "rekodi mpya 14" mwakani hutajua ni nani. Picha za makaburi kwenye vibanja, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani, piga asubuhi jua likiwa limelala, maandishi yaliyofutika kwenye saruji yanaonekana kwa kivuli, mchana kweupe hutaona kitu.

Halafu omba siku ya kuyasoma. Sisi tulitumia Jumapili baada ya ibada, chini ya mti wa shule, Wakristo na Waislamu wote, mama mmoja mwenye sauti nzuri akasoma polepole jina kwa jina na baada ya kila jina akanyamaza kidogo. Usisome wewe uliyetoka mjini. Kaa pembeni na kalamu, maana hapo ndo masahihisho yanakuja, huyu alikuwa wa kwanza sio wa pili kuzaliwa, yule hakuuawa pale njia panda ni kule bondeni, huyu mbona hayupo. Siku ile niliandika majina matatu mapya pale pale, na jioni mama mmoja mzee alitembea kutoka kitongoji cha mwisho, na fimbo, akakaa kwenye benchi la mjomba, akasubiri watu waondoke ndo akasema amekuja kumwandikisha mdogo wake. Kwa hiyo ukifunga daftari acha kurasa tupu za kutosha nyuma, na mwachie mtu wa pale kijijini kalamu.